Waliponiita Stabani

Siku niliyopewa jina la kiume naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Nilikuwa darasani, papa hapa Garsen, msichana mdogo aliyevaa sare iliyoshonwa kubwa makusudi ili nikue ndani yake. Mwalimu alininyooshea kidole, akasema neno, na darasa zima likacheka. Mimi nikasikia "Shabani". Nikageuka kumtafuta huyo Shabani ni nani. Sikumwona. Nikarudisha uso mbele nikakuta kidole kile kile bado kinanielekea mimi, na kicheko kimezidi.

Lakini sogea kwanza. Kaa huku kuliani kwangu. Huko kushoto unayapoteza maneno yako bure. Sikio hilo limekufa tangu utotoni, na wewe Salimu unalijua, maana mimi ndiye niliyekulea, ndiyo maana nakuita mwanangu na si mjukuu wangu. Hata hivyo kila ukija unakaa kushoto kama mgeni aliyeletwa jana. Haya. Na hiyo simu ilaze kifudifudi, haitakufa.

Jana baada ya sala ya Ijumaa ulikuja kula hapa. Nikakupakulia wali wa nazi na samaki, nikakuuliza kazi inaendaje. Swali la heshima tu, mtu humuuliza mwalimu kijana hivyo akamjibu alhamdulillahi. Wewe ukaanza. Darasa la tano ni stresi. Mwalimu mkuu ni difikalti. Mitihani inaboo. Na yuko mtoto mmoja anaitwa Jilo, huyo sasa ni anoyingi, ni stabani, humtaki tena darasani kwako, umemwita mama yake aje Jumatatu umwambie amtafutie shule nyingine. Uliyasema hayo huku unachambua miba ya samaki. Ukala, ukashukuru, ukaondoka. Mimi nikabaki na sahani na hasira zangu.

Neno lile stabani sikulisikia, kwa taarifa yako. Nililiona mdomoni mwako. Midomo inabanwa, halafu inaachia, halafu ulimi unagonga juu. Yako maneno mengi ya Kiingereza nisiyoyajua, lakini hilo hata ulinong'one gizani ukiwa umefunga shela usoni nitalijua. Kwa hiyo leo utakaa, na utanisikiliza mpaka nimalize.

Mimi ni mtoto wa Kipini. Nilipokuwa mdogo niliugua masikio. Yalitoa usaha, yakatiwa mafuta ya uvuguvugu, yakasomewa, na mwisho maumivu yakaondoka. Kusikia hakukurudi. La kushoto lilinyamaza kabisa, la kulia likabaki nusu. Nyumbani haikuwa shida. Watu walizoea kuja mbele yangu wanapotaka kusema nami, na mimi nikazoea kuwatazama midomo, na hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kutafutiwa jina. Nilikuwa Mwanaesha tu, mjukuu wa Bi Mwanakhamisi.

Baba yangu alikuwa akiuza samaki wakavu hapa Garsen, papa na ng'onda, na nilipofika umri wa shule akataka nije nikae naye nisome huku. Bibi yangu Mwanakhamisi, aliyenilea, hakupenda, ila alikubali. Akanileta mwenyewe. Siku hizo daraja la mto lilikuwa bado, magari yanavushwa kwa pantoni ya kuvutwa kwa kamba na abiria wote wanashuka. Bibi alikuwa amekulia ufukweni na bahari hakuiogopa hata kidogo, lakini mto Tana aliuogopa, yale maji mekundu yasiyoonyesha kitu chini. Alinishika mkono mpaka ukafa ganzi.

Shuleni alinikabidhi kwa Mwalimu Buya. Kijana mtanashati, Mpokomo wa huku juu upande wa Hola, ametoka chuoni karibuni, shati limepigwa pasi na joto la Garsen halikuthubutu kulikunja. Kiswahili alikijua cha kuzungumza na kila mtu. Kiingereza ndicho alichokipenda. Bibi akamwambia kwa Kiswahili chetu cha Kipini, "Mwalimu, mwana huyu hasikii. Muweke mbee."

Umeona tatizo liko wapi? Bibi alisema hasikii, akimaanisha masikio yangu hayafanyi kazi. Lakini kila mzazi aliyempeleka mtoto shuleni tangu shule zianze amesema hasikii, akimaanisha haambiliki, ni mtundu, mchapeni. Mwalimu Buya akacheka kwa adabu. "Usiwe na wasiwasi, mama. Hapa atasikia tu."

Bibi alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Alirudi Kipini akawaambia majirani wote kwamba shule ya Garsen ina dawa ya masikio.

Mimi, badala ya kuwekwa mbele, nikapelekwa nyuma kabisa, pembeni ya dirisha, kule walikowekwa wale waliohitaji kunyooshwa. Kutoka pale mdomo wa mwalimu niliuona kwa shida, na alipogeukia ubao huku anazungumza ndiyo basi tena. Wenzangu walisimama, nikasimama baada yao. Walikaa, nikabaki nimesimama. Akiniita siitiki. Akiniuliza swali namtazama tu. Akisema "Kaa chini!" nikamwona amekunja uso, nilitabasamu ili atulie, na wewe ni mwalimu, unajua mwenyewe tabasamu la namna hiyo linavyomchemsha mtu. Nilipigishwa magoti juani. Nilifagia darasa peke yangu. Na kila adhabu ilikuja na neno lile lile, mpaka watoto wakalifanya jina langu. Stabani njoo, Stabani leta ufagio, Stabani kamasi zinakutoka. Nami nikawa naitikia kwa Shabani, nikishangaa kwa nini watu wa Garsen wanawapa wasichana majina ya wanaume. Nilidhani ni mila ya huku.

Dawati langu nililikalia na msichana wa Kiorma, Dhahabo. Yeye masikio yake yalikuwa mazima, ila Kiswahili kilikuwa bado hakijamwingia, kwao walizungumza Kiorma tu. Naye aliitwa stabani. Tulikuwa tunachungulia wenzetu ili tujue la kufanya, mimi kwa sababu sikusikia na yeye kwa sababu hakuelewa, na mara nyingi tulichunguliana sisi kwa sisi, tukakosea pamoja. Shida mbili tofauti kabisa, mwanangu, zikatiwa kwenye neno moja, na mwalimu akaona kazi yake imekwisha.

Kitu kimoja tu kilinifikia kizima darasani mle, nacho ni maandishi. Herufi hazihitaji sikio. Mwalimu Buya alikuwa na mwandiko mzuri, Mungu amlipe kwa hilo, na kila alichokiandika ubaoni nilikinywa. Nilijifunza kusoma nikiwa nyuma pale bila mtu kujua. Nilisoma magunia ya baba, nikasoma mabati ya maduka, nikasoma karatasi walizofungia sukari. Sikuwahi kupenda kitu namna ile. Kwa hiyo elewa nilichokuwa karibu kukipoteza.

Maana siku moja mwalimu alimwita baba. Akamwambia mbele yangu, "Mzee, huyu mtoto wako ni stabani. Stabani sana. Sisi hatumuwezi."

Baba hakulijua neno hilo na aliona aibu kuuliza. Alitikisa kichwa kana kwamba ameelewa, akashukuru, tukatoka. Tulipofika sokoni ndipo akamuuliza muuza duka aliyesoma kidogo. Yule bwana akamwambia, "Ni kichwa ngumu hiyo. Ni kama punda unamvuta hivi, yeye anavuta vile." Nilikuwa natazama midomo yao. Nilipata neno punda tu, na macho ya baba yaliyonigeukia.

Jioni ile baba alinikalisha mbele yake akasema polepole ili nione kila neno. "Utarudi Kipini. Utasuka mikeka na bibi yako. Shule imekukataa." Hakunipiga, hakunitukana. Alikuwa amechoka na ameaibika. Akatuma salamu kwa dereva wa lori la nazi kwamba bibi aje anichukue.

Bibi alikuja. Hakula, hakunywa hata chai. Alisema, "Nipelekeni kwa mwalimu kwanza."

Yaliyosemwa pale nimeyajua kwa sehemu mbili, mengine niliyaona midomoni na mengine Dhahabo alinieleza baadaye, maana alikuwa amejibanza dirishani na wenzake na Kiswahili kilikuwa kimeanza kumwingia.

"Nimekuja kumchukua mwana wangu," bibi akasema. "Lakini miye sitoki hapa bila ya kujua. Kafanya nini?"

"Mama, huyu mtoto ni stabani."

"Neno hilo silijui. Nambia kwa Kiswahili."

Mwalimu Buya akaangalia juu kidogo, akalitafuta. "Yaani... hasikii."

"Ndiyo. Hasikii. Si ndivyo nilivyokwambia weye siku ya kwanza?"

"Ndivyo, mama. Na mimi nimejitahidi. Nimemwadhibu kila siku."

"Umemwadhibu ili asikie?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa yuwasikia?"

"Hapana, mama. Bado."

Watoto wa dirishani wakaanza kusukumana. Halafu bibi akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwake, akaniita nije. "Ndoo. Simama hapa, tazama ubao. Usigeuke."

Nikasimama. Ubaoni palikuwa na hesabu ya kugawanya iliyofutwa nusu, nikaanza kuikamilisha kichwani. Kulikuwa na mjusi juu ya ubao. Nilimtazama mjusi. Nikarudi kwenye hesabu. Jua lilikuwa linanichoma shingoni kutoka mlangoni, na nilikuwa nawaza kama bibi ameniletea kitumbua au hakuniletea. Nilikaa hivyo muda mrefu, nikachoka, na kwa kuwa nilikuwa mtoto, nikageuka.

Mwalimu Buya alikuwa amesimama karibu nami, naweza kumgusa. Mdomo wake ulikuwa bado wazi na mishipa ya shingo imemsimama. Nje dirisha zima lilijaa watoto wa madarasa mengine, wamekuja mbio kuona nani anayeitwa kwa kelele namna ile. Alikuwa ameliita jina langu mpaka sauti ikamkauka. Mwanaesha, Mwanaesha. Jina langu hasa, si lile jingine. Na mimi sikujua kama naitwa.

Bibi alikuwa analia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata msibani. Lakini aliongea huku analia, na hayo niliyaona yote, kwa sababu alikuwa amenielekea.

"Mwalimu, nilikupa neno langu mkononi. Ukalichukua ukalipeleka kwenye Kizungu, likavishwa nguo nyingine, na liliporudi hukulijua tena. Lakini sikulaumu kwa Kizungu. Hata lile langu lilikuwa na njia mbili, nami sikukuonyesha ni ipi. Nakulaumu kwa moja. Weye una mato ya kuonea. Mwana alikuwa mbele yako siku zote hizi, na hukumtazama umjue ana nini. Ulitazama vile anavyokuchokesha weye."

Halafu akamgeukia baba, ambaye alikuwa amejiinamia mlangoni. "Na weye uliambiwa neno usilolijua juu ya mtoto wako, ukatikisa kichwa."

Mwalimu Buya hakujitetea. Kijana yule, pamoja na pasi yake na Kiingereza chake, alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akasema taratibu, "Samahani, Mwanaesha." Siku hizo mwalimu hakumwomba radhi mwanafunzi, sijui siku hizi kama mnaomba. Sikurudi Kipini. Alinihamishia mbele, na Dhahabo akamhamishia karibu na msichana mwingine wa Kiorma aliyeweza kumtafsiria. Tangu siku ile akitaka kusema nami alikuja upande wa kulia. Nilimaliza shule. Nikajifunza ushonaji, nikafungua cherehani pale sokoni, na kwa cherehani ile wewe umekula, umevaa, umesoma mpaka ukawa mwalimu unayeniambia darasa ni stresi.

Sasa nikwambie kinachonikera, kwa sababu nimevumilia vya kutosha. Ninyi vijana mna maneno manne ya Kiingereza ya kila linalowasumbua, na mnayatumia mpaka yameisha rangi. Jua la saa saba ni difikalti. Barabara ni difikalti. Mke wa mtu ni difikalti. Mbu anoyingi, mvua anoyingi, shangazi yako akikuuliza unaoa lini, anoyingi. Yarabi! Mbu ni kero. Barabara ikiliwa na mafuriko ni adha, kuna watu wanazaa njiani kwa ajili yake. Mtu anayeuliza jambo hilo hilo kila saa ni msumbufu, na shangazi yako si msumbufu, ana wasiwasi na wewe. Kuna mtoto mtukutu, huyo mikono haitulii. Kuna mkorofi, anatafuta ugomvi. Kuna mkaidi, amekusikia, amekuelewa, na amekataa. Kuna mzito, anaelewa ila polepole, umngoje. Kuna mwoga. Kuna mwenye njaa. Ukiwaita wote stabani utawafanya nini, utawapa dawa gani? Ndiyo maana unachoka. Si kazi inayokuchosha, ni kuikorogakoroga ikawa kitu kimoja kisicho na mlango.

Na usiniambie Kiingereza ni kibaya. Sikusema hivyo. Najua nacho kina maneno yake mengi, wenyewe wanayatumia, sisi tumeokota yale ya juu juu. Hata Kiswahili chetu nimekwambia, hasikii hiyo hiyo nusura inirudishe kwenye mikeka. Ninachosema ni kwamba maneno hayo unayoyapenda hayamwelezi Jilo. Yanakueleza wewe. Ukisema mtoto ni anoyingi umeniambia hali ya tumbo lako, umeudhika, basi, nakupa pole. Juu ya mtoto hujaniambia lolote.

Nini? Sema huku kuliani.

"Nasema hivi, bibi, Jilo masikio yake ni mazima. Anasikia vizuri sana. Hii story yako haimhusu."

Najua haimhusu kwa upande wa masikio! Unadhani nimekaa hapa asubuhi yote kukwambia kila mtoto ni kiziwi? Haya basi, anasikia. Anafanya nini kinachokuudhi? Usinipe lile neno. Nieleze.

"Analala, bibi. Nikifundisha analala. Nikimwamsha ananijibu vibaya, anatupa kitabu. Kila siku."

Umeona? Tayari tumepata neno. Analala. Hilo ni neno la mtu mwenye macho. Sasa kwa nini analala?

Hujui. Basi niambie. Anakaa wapi?

"Kule juu ya barabara. Kwenye mahema, na wale waliohama mafuriko."

Ndani ya mahema yale, ambako maji yamesimama pembeni na mbu wanaweza kumbeba mtu. Na nani?

"Na mama yake na wadogo zake. Mama anaondoka alfajiri kutafuta kibarua. Nafikiri. Sina hakika."

Ulimuuliza?

"Sikumuuliza, bibi."

Hukumuuliza. Alhamdulillahi, umesema kweli, na nimeiona mdomoni kabla haijatoka. Salimu, mimi sijui mtoto yule analala kwa nini. Labda usiku mzima anawapepea wadogo zake. Labda ana homa. Labda kweli ni mkaidi, wapo, na nikigundua ni mkaidi mimi mwenyewe nitakuja kumsema. Lakini wewe umemwita mama yake aje Jumatatu, aache kibarua, apande mpaka shuleni, umwambie neno asilolijua. Naye atatikisa kichwa. Nakwambia atatikisa kichwa na kukushukuru, kama baba yangu. Atamchukua mtoto, na hakuna shule nyingine karibu, wewe unajua. Atakaa hemani alinde wadogo zake, na hayo ndiyo yatakuwa masomo yake.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na niiseme wazi usije ukasema bibi alizungukazunguka. Mtu akikuudhi, kabla hujampa jina, mweleze kwanza kwa anachofanya, kwa Kiswahili ambacho mama yake ataelewa. Halafu muulize kwa nini. Ukishajua ndipo utafute neno, na litakuwa dogo kuliko ulivyodhani, nalo litakuonyesha la kufanya. Ukikosa neno, nyamaza. Lakini usimwachie mtoto wa mtu jina linalotokana na uchovu wako, maana wewe utalisahau ifikapo jioni. Mimi nimezeeka, na bado nikiona midomo ya mtu inabanwa vile, najiona nimepiga magoti juani.

Na usingoje Jumatatu. Leo ni Jumamosi, huna darasa, na mahema yale si mbali. Nenda sasa. Usiende na simu mkononi kama askari wa kuhesabu watu. Keti nao. Chukua hiki uwapelekee, ni kitambaa cha chandarua kilichobaki, nilikishona jana baada ya wewe kuondoka. Ndiyo, jana. Nilikwambia nilibaki na hasira, na mimi hasira yangu huitia kwenye cherehani.

Mungu akufungulie macho kabla ya mdomo, mwanangu. Akupe subira ya watoto wa wenzako, na siku moja akupe wako, wenye kulala na wenye kutupa vitabu, ili unikumbuke. Amina. Sema amina nikuone.

Haya, nenda. Na ukifika mlangoni usiniage kwa nyuma. Rudi, zunguka mbele yangu, uniage nikikuona. Ukiniita kutoka huko nisiitike, utakwenda kuwaambia wenzako bibi yako ni stabani.